Yuko Kazini

Bibi alikula amesimama. Sahani mkono wa kushoto, mgongo ameuegemeza kwenye nguzo ya jiko, macho yakiwa bondeni kwenye matuta ya kabichi. Ukimwambia, "Bibi, kaa basi ule," alijibu kwamba akikaa atasahau alichokuwa anafanya. Tulipokuwa wadogo tuliamini kuwa mabibi wote wanakula hivyo. Nilipoolewa na kupata jiko langu mwenyewe ndipo nilipoelewa kwamba yule mwanamke alikuwa amechoka, na alijua kabisa kuwa akishakaa hatainuka.

Tumemzika mwaka huu, masika yalipoanza. Tangu hapo ndugu wananiambia niandike kitu juu yake, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Shume, na watu hudhani mwalimu hakosi maneno. Miaka sita ya mwisho nilishuka kwake kila Jumamosi na kurudi Jumapili jioni, madaftari ya wanafunzi yakiwa kwenye mkoba, na hata leo Jumamosi ikifika miguu inaniuma kabla sijatoka kitandani. Basi nitaandika niliyoyaona, pamoja na machache niliyoambiwa na Shangazi, binti yake wa mwisho, ambaye hajawahi kuishi nyumba nyingine. Bibi alizaliwa wapi na wa ukoo gani, wanaojua wanajua.

Nyumba yake iko mgongoni mwa kilima juu ya mji wa Lushoto, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka saa tatu, na mwezi wa saba maji ya mtungi yanauma meno. Shamba limelalia mteremko mkali mno. Wageni kutoka bondeni wakiliona huuliza tunalima vipi bila kuporomoka. Bibi alililima kwa jembe la mkono zaidi ya miaka hamsini, mahindi na maharage juu, kabichi na viazi chini karibu na mfereji, na kando ya nyumba miti mitatu ya plamsi, yale matunda madogo mekundu ya milimani. Alfajiri alitawadha kwa maji baridi, hata Julai. Shangazi akimchemshia maji, aliyachukua yale ya moto akaoshea vyombo.

Nyumbani tulisema Kishambaa. Asubuhi ilikuwa "onga makeo" kwa kila aliyepita, na siku nzima iliendelea hivyo. Kiswahili alikiweka kwa ajili ya wageni na hasira. Ukimsikia amegeuka ghafla, amekuita jina lako lote na kukuambia, "Njoo hapa tuzungumze," ujue umekosa.

Kwenye heshima hakumsamehe mtu. Alikuja bwana shamba mmoja kijana, ametumwa kutuonyesha namna ya kuchimba makinga maji. Akasimama juu ya tuta akaanza kueleza. Bibi akaendelea kupalilia. Kijana akarudia, akapandisha sauti, akidhani mzee hasikii vizuri. Mwishowe Bibi akanyoosha mgongo.

"Mwanangu, unasema na nani? Mimi sijasikia mtu akifika hapa."

Kijana akaelewa. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Karibu. Sasa haya maji unataka tuyakinge wapi?"

Na yale makinga maji aliyachimba kama alivyoelekezwa. Yapo mpaka leo.

Kusifu hakujua. Siku niliyomaliza chuo cha ualimu nilipanda kilima kumpelekea habari, moyo unadunda. Akanitazama miguuni. "Na viatu hivyo ndivyo utakavyofundishia?" Lakini jioni ile alimwita jirani aje amchinje jogoo ambaye Idi nzima alikataa aguswe. "Ameanza kuzeeka," akasema, na mnofu mkubwa akaniwekea mimi.

Kuna jibu lake moja ambalo nililisikia kuliko mengine yote. Mtu akimuuliza mume wake yuko wapi, alisema, "Yuko kazini."

Babu aliondoka kwenda Kwamkoro kuchuma chai Shangazi akiwa bado tumboni. Kwamkoro nako ni Usambara, ila ni upande ule mwingine. Sharti ushuke Mombo, upite Korogwe mpaka Muheza, ndipo uanze kupanda tena. Miaka ya mwanzo alirudi kila Idi, na sukari na kanga. Baadaye ikawa inakuja sukari peke yake. Kisha hata sukari haikuja. Watu waliotoka huko walileta habari kwamba anaishi kwenye nyumba za wafanyakazi na mwanamke wa Makete, mchuma chai kama yeye, Mkristo, na kwamba amemwoa mbele ya shehe. Habari hiyo ilimkuta Bibi akipalilia. Shangazi alisimuliwa na wakubwa kwamba aliuliza jambo moja tu, kama mume wake anakula vizuri. Kisha akamalizia tuta.

Kila msimu wa plamsi alijaza tenga, akalifunga kwa majani ya mgomba, akatafuta mtu anayekwenda upande wa Muheza ampelekee Babu. Hakujua kama yanafika. Mwaka uliofuata alijaza tena. Baba yangu, ambaye ni mtoto wake wa pili, alimwambia siku moja kwamba anajiaibisha. Bibi akamwambia asogee, amemzibia mwanga.

Nilikuwa na miaka tisa Babu aliporudishwa. Ilikuja pikapu mchana, ikashindwa kumalizia mlima, wanaume wakashuka na godoro. Juu ya godoro kulikuwa na mzee mwembamba, mdomo umevutwa upande, mkono mmoja umelala kama si wake. Kiharusi. Mfukoni mwa shati lake kulikuwa na barua fupi ya yule mwanamke wa Kwamkoro. Baba aliisoma kwa sauti. Ilisema kwamba amemtunza mwaka mzima, sasa hana tena nguvu ya kumwinua, na kwamba mgonjwa kila siku anataja kwao.

Baba Mkubwa, yaani mtoto wa kwanza wa Bibi, alisimama mlangoni akatanua mikono.

"Mama, huyu mtu haingii."

"Sogea," Bibi akasema.

"Niliacha shule nina miaka kumi na minne kwa sababu yake. Nimebeba viazi mgongoni mpaka sokoni, yeye yuko wapi? Leo amekwisha, ndiyo analetwa kwetu?"

Bibi akageukia Kiswahili. "Nyumba hii kajenga nani?"

"Wewe, Mama."

"Basi anayefungua mlango ni mimi. Shika miguu yake, mimi nishike mabega."

Baba Mkubwa aliishika ile miguu. Alikuwa analia waziwazi, mwanaume wa zaidi ya miaka thelathini, na sisi watoto tunamtazama. Alipomlaza baba yake kitandani akatoka, akachukua koti lake, akashuka kilima bila kuaga. Jirani mmoja aliyekuwa amejifanya anatafuta mbuzi wake akamuuliza Bibi, "Kwa hiyo mzee amerudi?"

"Amestaafu," Bibi akajibu.

Alimtunza miaka sita. Alimwogesha, alimlisha uji kwa kijiko, alimgeuza ubavu mara nne kwa siku ili asipate vidonda, na kwa kweli hakupata hata kimoja. Mganga wa zahanati alikuwa akija kumtazama tu na kutikisa kichwa kwa mshangao. Watu wote waliomsifu Bibi kwa uaminifu wake walikuwa wanasema juu ya miaka hiyo. Nami namsifu. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimesema nusu.

Shangazi alikuwa na miaka ishirini na minne godoro lile lilipoletwa, na alikuwa amechumbiwa na seremala wa Soni. Siku ya ndoa ilishapangwa, baada ya mfungo. Bibi akaomba wasubiri mwaka mmoja. Seremala akasubiri. Mwaka ulipokwisha alikuja na mjomba wake, wakaongea kwa adabu, wakanywa chai. Bibi akawaambia, "Baba yake bado anaumwa." Seremala alisubiri masika mengine mawili, kisha akaoa kwingine. Shangazi alinisimulia haya miaka mingi baadaye tukimenya viazi, sauti yake kama mtu anayesimulia habari za jirani.

"Ulilia?" nikamuuliza.

"Nilikuwa na maji ya kuteka," akasema.

Bibi alipokuwa ndani na mgonjwa, shamba lote lilikuwa mgongoni mwa Shangazi. Kuni zilikuwa zake, na soko pia, akishuka na tenga la kabichi kichwani na kurudi na mafuta ya taa. Uaminifu wa Bibi ulikuwa mzigo wa watu wawili, na mmoja wao hakuulizwa. Niliwahi kumuuliza Bibi jambo hilo uso kwa uso, nikiwa nimeshakuwa mtu mzima. Kwa nini hakumwacha binti yake aolewe?

"Ningemwinua na nani?" akasema.

Watoto wa kiume walikuwa wameshatawanyika, Baba Mkubwa Bungu, baba yangu Tanga, na kila mmoja alikuwa na sababu zake.

Babu alikufa siku ya mvua. Siku ya tatu, matanga yakielekea kumalizika, wanawake tulikuwa jikoni na masufuria ya pilau, na Bibi, mfiwa mwenyewe, amesimama anaonja chumvi kwa sababu hakumwamini mtu mwingine. Akatazama nje.

"Yule pale barabarani ni nani?"

Chini ya nyumba, njia panda, alisimama mwanamke mfupi na begi moja, amelowa, kanga imemganda kichwani.

"Nimeuliza."

Shangazi akasema polepole, "Nadhani ni yule mama wa Kwamkoro."

Mwiko wa Bibi ulibaki hewani kwa muda.

"Mwiteni aje ale," akasema.

Mwanamke akapanda, akapiga magoti mlangoni. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sogea kwenye moto, utaugua."

Kwa kuwa Babu alikuwa amemwoa kwa shehe, naye alikuwa na eda ya kukaa. Bibi alisema eda haikaliwi njia panda, akampa chumba cha nyuma. Miezi minne na siku kumi wajane wawili wakakaa nyumba moja. Eda ilipokwisha yule mama akafunga begi lake. Bibi akamkuta uani.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui, dada. Makete sina mtu tena. Mtoto niliyemzaa na marehemu tulimzika kule kule."

"Maharage hayajavunwa," Bibi akasema, akampa ungo.

Akakaa miaka kumi na miwili, na miaka yote hiyo Bibi alimwita Mgeni. "Mgeni, funika sufuria." "Mgeni, kuku wako kaingia kwa watu." Mume alipokwisha kufa Mgeni alirudi kwenye kanisa lake, nasi tulidhani hapo ndipo Bibi, mwanamke asiyekosa swala hata moja, atakapomfukuza. Kumbe Jumapili asubuhi ni yeye aliyemgongea mlango. "Mgeni, kengele imelia. Utawakuta wamemaliza." Mwezi wa Ramadhani Mgeni ndiye aliyepika futari.

Haikuwa amani tupu. Waligombana kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya mahali pa kupanga kuni. Na palikuwa na siku ya plamsi. Tulikuwa tunachuma, Bibi akauliza kama jambo dogo, "Yale matenga yalikuwa yanafika?"

"Yalifika, dada. Mimi ndiye niliyekuwa nayala. Yeye meno yalikuwa yanamuuma."

Bibi alicheka. Sijawahi kumwona akicheka vile, ameshika tawi asianguke. Mgeni naye akachangamka, akaanza kueleza maisha ya kule, jinsi ukungu ulivyokuwa mzito kwenye chai mpaka watu walitambuana kwa sauti, na jinsi Babu alivyokuwa akiimba tangu mstari wa kwanza wa michai mpaka wa mwisho.

"Hakuwa mtu wa kuimba," Bibi akasema.

"Alikuwa anaimba, dada. Kila siku."

Bibi akaweka tenga chini, akachukua jembe, akashuka shambani. Hakurudi mpaka Magharibi. Shangazi alipomfuata na maji ya kunywa, alimkuta anapalilia mahali palipokwisha kupaliliwa. "Kwangu hakuimba," akamwambia binti yake. Hilo ndilo lalamiko pekee aliloliacha duniani juu ya mume wake.

Baba Mkubwa aliposikia kwamba yule mwanamke amepewa chumba, alikaa miaka mitano bila kukanyaga pale. Kila Idi Bibi alimwekea sahani yake, akaifunika, na jioni akampa Mgeni ale. Alirudi siku ya tano ya ugonjwa wa mwisho wa Mgeni, hapana, nakosea, alirudi mapema zaidi, Idi moja tu, akala bila kusema, akaondoka. Siku ya maziko ya Mgeni ndipo alipokuja tena, akabeba jeneza. Bibi alifuatana nao mpaka makaburi ya kanisa, akasimama nje ya ukuta na kanga yake, akangoja mpaka nyimbo zote zikaisha.

Kisha Bibi mwenyewe akaanza kuisha. Magoti yalitangulia, yakafuata macho. Ndipo zikaja zile Jumamosi zangu. Sitasema kwamba nilikwenda kwa moyo mweupe kila mara. Nilikuwa na wanangu na darasa la watoto sabini. Siku moja alipokataa uji kwa mara ya tatu nilimjibu vibaya, nikaondoka nikakaa nyuma ya choo mpaka Shangazi akaja kunichukua. Shangazi mwenyewe alikuwa ameshavuka hamsini, kiuno kimekufa. Mchana alimwinua mama yake kama alivyomwona mama yake akimwinua baba.

Jumamosi moja nilifika nikawakuta wote wawili chini, sakafuni bafuni. Ndoo imemwagika. Shangazi alikuwa ameteleza akimwogesha, kiuno kikagoma, hawezi kusimama, na Bibi asiyeona alikuwa amekilaza kichwa cha binti yake mapajani mwake, anakipapasa. Hawakuwa wanalia wala kuita. Sijui walikuwa wamekaa hivyo muda gani.

Niliwainua mmoja mmoja, nikawalaza. Alasiri Bibi akaniita.

"Mpigie Baba yako Mkubwa."

Nikapiga, nikamwekea simu sikioni.

"Njoo unichukue," akasema.

"Kuna nini, Mama? Umeugua?"

"Ulisema nije kwako. Miaka yote unasema. Sasa njoo."

Shangazi alisikia kutoka kitandani alikolala. Akajikokota mpaka mlangoni, ameshika ukuta.

"Mama, nimekosa nini?"

"Hujakosa."

"Basi kwa nini unaondoka?"

"Nimesema hujakosa. Rudi ukalale."

Baba Mkubwa alikuja keshokutwa yake na gari la kukodi. Yeye na dereva walimbeba Bibi kwenye kiti mpaka barabarani. Mwanamke aliyekataa kulala hata usiku mmoja kwa watoto wake aliondoka na mfuko mmoja wa nguo na mkeka wa kuswalia.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, wiki mbili kabla hajafa. Nilitoka kwa Shangazi asubuhi, nikashuka, nikapanda tena, nikafika Bungu mchana wa joto kidogo. Bibi alikuwa barazani kwa Baba Mkubwa, amefunikwa blanketi miguuni. Mwanawe alikuwa amechutama mbele yake, anamkata kucha kwa wembe, taratibu, kidole kimoja kimoja, miwani imeshuka puani. Nikatoa shikamoo kwa wote wawili. Bibi aliitika na kunitaja jina kabla sijajitambulisha.

Tulizungumza mvua. Tulizungumza bei ya viazi. Kisha akauliza, "Shangazi yako hajambo?"

"Hajambo, Bibi. Anakusalimu."

"Umemwacha anafanya nini?"

Nilifikiria kudanganya. Wiki za kwanza baada ya Bibi kuondoka, Shangazi aliendelea kuamka saa kumi alfajiri, akawasha moto, akachemsha maji ya kumwogesha mtu ambaye hayupo, kisha akakaa anayatazama yakipoa. Baadaye akaanza kuchelewa kidogo kidogo. Asubuhi ile nilipokuwa natoka nilichungulia chumbani kwake. Jua lilikuwa limefika kwenye blanketi. Alikuwa ameelekea ukutani, mdomo wazi, na nilisimama mlangoni mpaka nilipohakikisha anapumua.

"Nimemwacha amelala," nikasema.

"Amelala? Saa ngapi hiyo?"

"Saa tatu ilikuwa imepita."

Wembe wa Baba Mkubwa ukasimama. Bibi akanigeuzia uso, yale macho yake yaliyoingia ukungu.

"Anaumwa?"

"Haumwi, Bibi. Amechoka tu."

Kuku walikuja mpaka miguuni pake wakaondoka. Baba Mkubwa akamshika tena mkono, akaendelea na kidole kilichobaki.

"Kesho ukirudi," Bibi akasema, "ukimkuta amelala, usimwamshe. Ukitaka chai, jipikie."